Foleni au barabara kuu? Ulinganisho wa hali na mazoea yanayokula chaji ya gari la umeme

Dereva aliyelelewa na gari la petroli huingia kwenye gari la umeme akiwa na somo moja kichwani: foleni inakula mafuta, barabara kuu inaokoa. Kwa petroli somo hilo ni la kweli. Injini inayonguruma mahali pamoja inachoma mafuta bila gari kusogea hata hatua, na kila ukikanyaga breki, mwendo ulioulipia unageuka joto kwenye diski na kupotea. Gari la umeme limelipindua somo hilo. Likisimama, mota nayo imesimama. Likipunguza mwendo, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Anayebaki kuwa adui ni yule ambaye wengi hatukuwahi kumhesabu, yaani hewa iliyo mbele ya kioo.

Ipo sababu nyingine inayofanya mazoea ya dereva yaonekane haraka kwenye gari la umeme. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, na kinachofika kwenye magurudumu ni kati ya asilimia 12 na 30 hivi. Gari la umeme hufikisha zaidi ya asilimia 75 ya umeme uliotoka ukutani. Penye upotevu mwingi, upotevu mdogo wa ziada haujulikani. Penye upotevu kidogo, kila kitu kinajitokeza kwenye dashibodi: hita, keria, upepo wa matairi, hata mvua.

Ili tulinganishe kwa haki, nimechukua gari moja la mfano na kulifanyia hesabu mwenyewe. Lina uzito wa kilo 1,800 pamoja na dereva, umbo la kawaida la gari la chini, na betri inayotoa uniti 50 (uniti moja ni kilowati-saa moja, ile kWh unayoiona kwenye dashibodi). Kiyoyozi na vifaa vingine vinavuta kilowati 1 muda wote. Asilimia 12 ya umeme inapotea njiani kati ya betri na magurudumu. Gari lako halitalingana nalo uniti kwa uniti, lakini tofauti kati ya hali moja na nyingine itafanana sana na hii.

Kasi: 60, 90 au 120?

Nimeanza na kasi kwa sababu ukiipatia hii, makosa mengine mengi yanasameheka. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka 60 kwenda 120, kasi imeongezeka mara mbili, lakini nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma imeongezeka mara nne. Msuguano wa matairi hauna tabia hiyo. Uko karibu palepale, uende 40 au 120. Kwa hiyo kwenye mwendo mdogo unalipia matairi na kiyoyozi, na kwenye mwendo mkubwa unalipia hewa.

Hivi ndivyo gari letu la mfano linavyokula kwenye barabara tambarare isiyo na upepo, likienda bila kusimamasimama:

| Kasi (km/saa) | Uniti kwa kilomita 100 | Umbali kwa betri nzima |
|---|---|---|
| 20 | 10.9 | km 460 |
| 40 | 9.5 | km 525 |
| 60 | 10.4 | km 480 |
| 90 | 13.8 | km 360 |
| 110 | 17.1 | km 290 |
| 120 | 19.0 | km 260 |
| 130 | 21.2 | km 235 |

Tazama mstari wa 20 na wa 40. Kwenda polepole kupita kiasi nako kuna gharama, kwa sababu kiyoyozi kinahesabu saa, hakihesabu kilomita. Kwa gari hili kasi inayokula kidogo kuliko zote iko karibu na 40. Hakuna anayesafiri mbali kwa mwendo huo, lakini inakuonyesha kwamba gari la umeme liko nyumbani kwake pale ambapo gari la petroli linateseka.

Sasa swali lenyewe la dereva: niende 90 au 120? Chukua safari ya kilomita 200. Kwa 90 utatumia saa 2 na dakika 13, na takriban uniti 28. Kwa 120 utatumia saa 1 na dakika 40, na uniti 38. Umeokoa dakika 33 kwa kutumia uniti 10 za ziada.

Kama betri yako inakufikisha kwa kasi zote mbili na utachaji usiku ukiwa umelala, basi unachagua kati ya nusu saa na uniti 10, na hilo ni la mfuko wako na ratiba yako. Kama itabidi uchaji njiani, uamuzi hauko tena mikononi mwa barabara. Uko mikononi mwa chaja. Chaja ya kilowati 50 inarudisha uniti zile 10 ndani ya dakika 12 au 13. Hapo aliyeenda 120 bado anafika mbele, kwa hiyo haraka yake imekuwa na baraka kidogo. Chaja ya kilowati 7 inahitaji saa moja na nusu kurudisha kiasi hichohicho, na aliyeenda 90 anampita mwenzake akiwa amekaa anasubiri. Mpaka kati ya hali hizo mbili, kwa gari hili, ni chaja ya karibu kilowati 19. Chini ya hapo, mwendo wa pole ndio unaofika kwanza. Juu ya hapo, kasi inalipa, mradi usiibane betri hadi ufike kwenye chaja ukiwa na asilimia mbili na moyo unadunda. Kumbuka pia kwamba chaja za kasi hupunguza nguvu betri inapokaribia kujaa, hivyo uniti 10 kati ya asilimia 85 na 100 huchukua muda mrefu kuliko uniti 10 kati ya 20 na 40.

Upepo nao uhesabu kwenye kasi, maana gari halijui kasi yako ya barabarani, linajua kasi ya hewa inayolipiga usoni. Ukienda 90 dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa, hewa inakuona kama mtu anayekwenda 110, na ukinzani wake unapanda kwa karibu nusu. Ukirudi na upepo huohuo mgongoni ukinzani unashuka kwa asilimia 40 hivi. Faida ya kurudi haifuti hasara ya kwenda. Siku ya upepo mkali wa mbele, kupunguza kasi kwa kilomita 10 au 15 ndiyo dawa pekee iliyo mguuni mwako.

Katikati ya mji au njia ya kuzunguka?

Ramani inakupa njia mbili. Moja inazunguka kwa barabara kuu, kilomita 30 kwa mwendo wa 110. Nyingine inakatiza mjini, kilomita 24, mwendo wa 40 pale panapofunguka, na kusimama karibu kila kilomita. Wa petroli hafikirii mara mbili, anazunguka. Kwa gari letu la mfano, njia ya kuzunguka inakula uniti 5 na kitu. Njia ya mjini, pamoja na hasara ya kusimama na kuondoka, inakula kama uniti 2.8. Karibu nusu.

Je, upite mjini? Mimi ningezunguka, ila kwa 90 badala ya 110. Matumizi yanashuka hadi uniti 4.1, safari inachukua dakika 20, na mishipa ya shingo inabaki salama. Anayehesabu kila uniti kwa sababu betri yake imeshuka hadi kwenye nyekundu, huyo apite mjini bila wasiwasi.

Hofu ya kukwama kwenye foleni na betri kuisha ni hofu tuliyoirithi kutoka kwenye tangi la mafuta. Saa mbili umesimama na kiyoyozi kinavuta kilowati 1 ni uniti 2, sawa na kilomita 19 za mwendo wa 60. Inauma kidogo, haiui. Injini ya petroli ikiachwa inaunguruma na kiyoyozi kimewashwa inaweza kunywa karibu lita moja kwa saa, na lita moja ya petroli ina nishati ya takriban uniti 9. Linganisha mwenyewe.

Hata hivyo foleni ina ujanja wake wa kuiba. Kwa mwendo wa wastani wa 15, kiyoyozi peke yake kinachukua karibu uniti 6.7 kwa kila kilomita 100. Kwa mwendo wa 100 kinachukua uniti 1. Kwa hiyo anayeendesha mjini tu aziangalie saa anazokaa ndani ya gari zaidi ya kilomita, na anayeendesha barabara kuu asisumbuke kuzima kiyoyozi huku sindano iko kwenye 120. Huyo anaokota sarafu na kuangusha noti.

Pedali moja, kuteleza, au frii?

Hapa ndipo penye ubishi mwingi, na ubishi wenyewe unatokana na kuchanganya mambo matatu: pedali moja (ukiachia pedali, gari linapunguza mwendo lenyewe na kurudisha umeme), kuteleza (gari linajiendea, mota haivuti wala hairudishi), na frii (gia inayoikata mota kabisa).

Gari letu likiwa kwenye 60 limebeba takriban wati-saa 69 za mwendo. Ukisimama kwa breki za diski, zote zimekwenda. Ukisimama kwa mota inayorudisha umeme, kiasi cha theluthi mbili kitakuja kukusukuma tena, maana umeme umepoteza kidogo ukiingia kwenye betri na kidogo tena ukitoka. Ukiachia tu gari lijiendee lenyewe hadi liishe mwendo, hujapoteza chochote. Wati-saa zote 69 zimekusogeza mbele. Tatizo ni kwamba kwenye barabara tambarare itakuchukua zaidi ya kilomita moja kusimama, na kabla hujafika nusu yake walio nyuma watakuwa wameshakumalizia honi.

Basi mpangilio ni huu: kuteleza ni bora kuliko kurudisha umeme, na kurudisha umeme ni bora mbali sana kuliko diski. Wanaosema mfumo wa pedali moja ndio unaookoa zaidi kuliko yote wanasahau kwamba umeme uliorudishwa ni umeme uliokwisha kukatwa kodi mara mbili. Wanaosema kuteleza ndiyo siri ya kila kitu wanasahau kwamba mjini hakuna nafasi ya kuteleza.

Ningependekeza hivi. Kwenye foleni na mitaa yenye matuta, washa urejeshaji wa nguvu, ule ambao gari linapunguza mwendo kwa kuachia pedali tu (magari kadhaa yana herufi B kwenye gia kwa kazi hii). Huchoki sana, na diski hazishiki ovyo. Kwenye barabara ndefu, punguza urejeshaji hadi chini kabisa, uangalie mbali, na uachie pedali mapema unapoona taa nyekundu au lori. Kama gari lako halina ngazi za kuchagua, mguu mwepesi kwenye pedali unafanya kazi ileile, kwa sababu kuna nukta katikati ambapo mota haivuti wala hairudishi.

Frii ni jambo la tatu, na sio sawa na kuteleza kunakosemwa hapa. Kushuka mlima umeweka frii ni tabia ya hatari kwenye gari lolote. Kwenye gari la umeme ni hatari na pia ni hasara, kwa kuwa umeikata mota isikurudishie kitu na mzigo wote umeuacha kwenye diski.

Kuhusu kuondoka kwa fujo: bado tunasema kukanyaga mafuta, ingawa mafuta hayapo. Ukikanyaga kwa nguvu, mkondo wa umeme unapanda, na ukiongezeka maradufu joto linalopotea kwenye nyaya na betri linaongezeka mara nne. Lakini mota ya umeme inavumilia hayo kuliko injini. Kinachomaliza chaji ya dereva mkali si kule kuondoka. Ni breki kali inayofuata baada ya mita mia, na kasi ya juu anayoifikia katikati yake. Anayeondoka haraka hadi 60 kisha akatulia hapo hana kosa kubwa. Anayeondoka taratibu hadi 120 ndiye atakayetafuta chaja kwanza. Kitufe cha uchumi, au Eco, kinalegeza pedali na kupunguza nguvu za kiyoyozi. Kinamsaidia mwenye mguu mzito. Hakibadilishi hewa.

Joto kali au baridi kali?

Mwaka 2019 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilitangaza matokeo ya kupima magari matano ya umeme kwenye joto tofauti. Kwenye nyuzi 35 za Selsiasi na kiyoyozi kimewashwa, umbali wa chaji moja ulipungua kwa wastani wa asilimia 17. Kwenye baridi ya nyuzi 7 hivi chini ya sifuri na hita imewashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Walipozima hita na kiyoyozi, hasara ilikuwa asilimia 4 tu kwenye joto na 12 kwenye baridi.

Soma namba hizo polepole, zina habari mbili. Kwanza, baridi ni mbaya kuliko joto, mara mbili na zaidi. Kiyoyozi kinashusha joto la nyuzi 10 au 15 tu ndani ya gari, tena kwa kulihamisha kwenda nje. Hita kwenye baridi ile inapaswa kupandisha joto kwa nyuzi karibu 30. Injini ya petroli ilikuwa na joto la kutupa, ikakupa bure; mota ya umeme haina joto la kugawa. Pili, sehemu kubwa ya hasara haitokani na betri kuganda, inatokana na sisi tuliomo ndani kutaka kustarehe. Hiyo ni habari njema, kwa sababu starehe inaweza kupatikana kwa njia nyingine.

Anayeishi penye baridi na anachagua gari aulize kwanza aina ya hita. Hita ya waya inageuza kila uniti ya umeme kuwa uniti moja ya joto, na inaweza kuvuta kilowati 3 hadi 5. Pampu ya joto inafanya kazi ya kiyoyozi kilichogeuzwa: inaokota joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, na kwenye baridi ya wastani inatoa uniti mbili au tatu za joto kwa kila uniti ya umeme. Baridi ikizidi sana faida hiyo inapungua. Kwa safari ndefu za majira ya baridi ningeitaka pampu ya joto kabla ya betri kubwa zaidi. Kwa mtu wa mahali pa joto mwaka mzima, haina kazi kubwa.

Kuna na kiti chenye joto. Kinavuta chini ya wati 100, kinagusa mwili moja kwa moja, na kinakuruhusu kushusha hita kwa nyuzi kadhaa. Ukilinganisha wati 100 na 4,000, hapahitaji mjadala.

Urefu wa safari pia ni jambo. Safari nne za kilomita 5 kwenye baridi, gari likipoa kila mara, zinakula zaidi ya safari moja ya kilomita 20, kwa sababu kila mara unapasha upya chumba kizima na betri. Dawa ni kupasha, au kupoza, gari kabla ya kuondoka likiwa bado limechomekwa, ili kazi hiyo ilipwe na ukuta. Na betri yenye baridi hukataa kupokea umeme mwingi wa breki, kwa hiyo usishangae pedali ikiwa legelege asubuhi.

Madirisha au kiyoyozi?

Chini ya 50, fungua madirisha ukipenda, hewa bado haina nguvu. Kwenye 100, kiyoyozi cha kilowati 1 kinakugharimu uniti 1 kwa kilomita 100. Madirisha yakiongeza ukinzani wa hewa kwa zaidi ya asilimia 11 au 12 tayari umepata hasara, na kelele juu yake. Funga.

Njia ya mlima au ya bondeni? Lami au changarawe?

Kupandisha gari letu mita 100 kwenda juu kunahitaji nusu ya uniti, ukiongeza upotevu wa njiani inakuwa uniti 0.56. Mlima wa mita 1,000 ni zaidi ya uniti 5, yaani kilomita 40 za barabara tambarare kwa mwendo wa 90. Sehemu nzuri ya hizo inarudi ukishuka, tofauti na petroli. Kiasi gani kinarudi kinategemea mteremko wenyewe. Mteremko mpole, wa kama asilimia 1.5 kwa mwendo wa 60, unalingana na msuguano na hewa kabisa. Gari linajiendea, hakuna kinachohitaji kurudishwa na hakuna kinachopotea. Mteremko mkali unalazimisha umeme upite kwenye mota na betri, na kila unapopita unapungukiwa. Kwa hiyo kati ya njia mbili zinazofika juu sawa, ile ndefu kidogo yenye mteremko wa taratibu mara nyingi haina hasara unayoidhania.

Anayelala juu ya mlima asichaji hadi asilimia 100. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme wa mteremko, na diski zitafanya kazi yote. Acha nafasi ya asilimia 10.

Changarawe na vumbi huongeza msuguano wa matairi hata mara mbili ya lami nzuri. Kwa hesabu ya gari la mfano, kilomita 10 za changarawe kwa 40 zinakula sawa na kilomita 14 za lami kwa 60. Njia ya mkato ya vumbi ya kilomita 10 ikikuokolea chini ya kilomita 4, pita lami. Maji yaliyosimama barabarani nayo ni mzigo, maana matairi yanayasukuma kando kila mzunguko.

Keria, mzigo na upepo wa matairi

Kilo 100 za mzigo ndani ya gari zinaongeza uniti 0.3 tu kwa kilomita 100 kwenye tambarare. Mizigo hiyohiyo ukiifunga juu ya keria, umeongeza ukuta mbele ya hewa, na kwenye barabara kuu unaweza kulipia mara kumi ya hizo. Chochote kinachoweza kuingia ndani kiingie ndani, na keria tupu ivuliwe. Watu huogopa uzito kwa sababu unaonekana kwa macho, hewa haionekani.

Upepo wa matairi: Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote manne inapunguza umbali wa lita ya petroli kwa asilimia 0.2 hivi. Ni kidogo, lakini dakika tano za pampu hazina mpinzani kwa urahisi. Rimu kubwa zinazopendeza macho ni jambo jingine. Mara nyingi zinakuja na matairi mapana na zinavuruga hewa pembeni, na gari lilelile lenye rimu ndogo hutangazwa kwa umbali mrefu zaidi. Linganisha namba hizo kabla ya kuchagua rimu.

Namba ya kiwandani au ya dashibodi?

Kipimo cha WLTP, ambacho ndicho kinachotoa umbali wa chaji moja unaotangazwa, na kilichoanza kutumika Ulaya kwa aina mpya za magari mwaka 2017, hufanyika maabara kwenye nyuzi 23, kiyoyozi kimezimwa, kwa wastani wa kilomita 46.5 kwa saa na kilele cha 131. Rudi kwenye jedwali uone 46.5 iko wapi: karibu kabisa na sehemu tamu. Muuzaji hakudanganyi anapokutajia namba hiyo, ila ameipima kwenye maisha ya mtu wa mjini asiyeona jua. Anayeishi barabara kuu kwa 120 asiitegemee hata kidogo. Kipimo cha Marekani cha EPA kwa kawaida hutoa umbali mfupi zaidi kwa gari lilelile, na kiko karibu zaidi na dereva wa barabara ndefu.

Kwa hiyo unapolinganisha magari mawili, usilinganishe kilomita za chaji moja tu. Betri kubwa inaficha ulafi. Linganisha uniti kwa kilomita 100, na uulize ni kwa kasi gani. Umbo la gari linaamua mengi hapa. Gari la juu lenye uso mpana, hewa ikilikamata kwa theluthi moja zaidi ya gari letu la mfano, linakula uniti 3.5 za ziada kwa kilomita 100 likiwa kwenye 110, karibu asilimia 20. Likiwa kwenye 40, tofauti hiyohiyo ni nusu ya uniti. Mtu wa mjini anayelipenda gari la juu alinunue kwa amani. Mtu wa safari ndefu atazame gari la chini lenye mgongo wa kuteleza, hata kama betri yake ni ndogo kidogo.

Na kabla ya kuamua, omba kulijaribu kwenye njia unayoipita kila siku. Futa kipimo cha safari kwenye dashibodi, usiangalie kilomita zilizobaki kwa kuwa hizo ni makisio yanayotokana na uendeshaji wa aliyekutangulia. Nenda kwa 90, urudi kwa 90, andika uniti. Futa tena, nenda kwa 110, urudi kwa 110, andika uniti. Kwenda na kurudi kunapunguza uongo wa mlima na wa upepo. Karatasi hiyo yenye namba mbili weka kwenye droo ya gari. Siku ya safari ndefu ndiyo itakayokuambia usimame chaja ya kwanza au ya pili.